Ndege wa Bawa Moja

Mshona mapazia hakuwa mtu wa ndege. Kwa miaka yote ya ndoa yake, ndege kwake walikuwa wale wanaochafua nguo kwenye kamba, basi. Mumewe ndiye aliyekuwa na wazimu huo. Alikuwa fundi saa, mwenye kibanda cha kioo pembeni mwa soko, na kila Jumamosi, badala ya kufungua kazi, alivaa kofia yake iliyopauka, akatundika darubini shingoni, akaenda kuikodolea miti macho pamoja na wenzake wa chama cha watazama ndege. Alirudi viatu vimejaa matope na ana la kusimulia. Mkewe alimsikiliza mguu ukiwa kwenye cherehani, akiitikia "enhee" pale panapostahili "enhee". Mume alijua hasikilizwi, wala hakujali. Waliishi vizuri.

Kwa hiyo watu walishangaa kumwona mwanamke huyohuyo, alipofiwa, akianza kuamka alfajiri na kwenda kuchuchumaa vichakani na darubini ya marehemu. Walisema anamkumbuka mumewe. Walisema mapenzi hayo, jamani. Yeye aliwaacha waseme. Kilichomtoa kitandani hakikuwa mapenzi. Alikuwa na mtu wake anayemwinda, na mtu huyo alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, dada mkubwa wa fundi saa, alikuwa na duka la rangi za nyumba. Mwanamke wa mabega mapana na sauti ya kufika mtaa wa pili. Mteja akimletea kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, alikitazama mara moja tu, akachanganya kopo hili na lile, na rangi ikatoka ileile. Nani abishane naye kuhusu rangi ya kitu chochote? Chama cha ndege alikianzisha yeye. Hata mdogo wake, yeye ndiye aliyemfundisha, tangu wakiwa watoto wanatazama viota kwa kupandishana mabegani. Alikuwa mwenyekiti, na akishasema kwamba ndege fulani ni fulani, mjadala umefungwa.

Kisa chenyewe kilitokea kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka, ule ambao wanachama walikuja na wake na waume zao. Mshona mapazia alikuwepo, amekaa safu ya mbele. Fundi saa aliinuka, akakohoa kidogo, akasema kwamba kwenye miti iliyo kando ya bwawa la maji ya mji amemwona mdakanzi kidevu-cheupe.

Vichwa viligeuka. Wadakanzi ni ndege wadogo wa kukaa wima kwenye ncha ya tawi, wakachomoka kumnasa mdudu hewani, kisha wakarudi palepale. Wa kijivu wapo tele, hata uani utawaona. Lakini kidevu-cheupe hakuna mwanachama aliyewahi kumwona isipokuwa kwenye picha, na wazee wa chama walishamhesabu kama aliyepotea katika nchi ile.

"Mgongo wa kijivu," alieleza fundi saa, taratibu, kama anayetoa vyuma vya saa kimoja kimoja. "Kidevu cheupe, kama amekichovya kwenye unga. Kifuani ana mkanda mwembamba wa rangi ya kutu. Na akitua anapepesa bawa moja. La kulia. Anatulia. Halafu la kushoto. Hapepesi yote mawili kwa pamoja."

Dada yake ndiye aliyeanza kucheka.

"Bawa moja?" alisema. "Huyo ni ndege au askari wa barabarani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti, kwa kuwa kicheko kilimnogea, akaongeza: "Mdogo wangu, sukari imekupanda machoni. Ulichokiona ni mdakanzi kijivu, mpaka nyuma ya duka langu wapo. Pole. Tuendelee."

Fundi saa alikuwa kweli na ugonjwa wa sukari, na si wote mle ndani waliokuwa wanajua. Sasa walijua. Mkewe alimtazama akikaa. Aliona masikio yake yamebadilika rangi. Aliona anapapasa mifuko kutafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Tangu siku ile jina likamganda: Bawa Moja. Wauza vitunguu walimwita hivyo, watoto wa jirani walimwita hivyo, na wateja pia, kwa utani, "Bawa Moja, saa yangu tayari?" Jina angelivumilia. Kilichommaliza ni kwamba aliamini. Kama macho yalimdanganya kwenye tawi lililo wazi mchana kweupe, yatakosaje kumdanganya kwenye gurudumu dogo kuliko punje ya mtama? Akawa anafungua saa, anaitazama, anaifunga bila kuigusa. Akawa anamwomba mkewe amhakikishie mambo yasiyo na maana: shati hili ni la bluu au jeusi? Aliye kule ni jirani? Mwishowe alikifunga kibanda, akalaza darubini ndani ya droo chini ya mataulo, akakaa nyumbani kungoja ugonjwa umkute.

Ulimkuta. Siku moja, kitandani, alimshika mkewe mkono.

"Mke wangu, hivi labda kweli nilikosea?"

"Hukukosea," alimwambia.

Lakini alisikia sauti yake mwenyewe, na haikuwa na uzito. Angejuaje yeye, aliyekuwa akiitikia "enhee"? Mumewe naye aliisikia. Alitabasamu kidogo, akageukia ukutani. Miongoni mwa yote ambayo mshona mapazia hakuyasamehe, hilo lilitangulia: kwamba alitakiwa ushahidi na hakuwa nao.

Msibani aliyelia kuliko wote alikuwa mwenye duka la rangi. Alijitupa, akashikwa, akapepewa. Mjane alikaa macho makavu, anamtazama. Lia, alisema moyoni. Bado utalia.

Eda ilipokwisha alitoa darubini chini ya mataulo. Mkanda wake ulikuwa umeoza, akaushonea mwingine kwa utepe uliobaki kwenye mapazia ya mteja. Akaenda kujiandikisha chamani. Wifi yake alimkumbatia mbele ya watu.

"Unamuenzi ndugu yangu!"

"Namuenzi, wifi."

Mwanzoni ndege wote kwake walikuwa vipande vya kitambaa kimoja. Kahawia, kahawia, kahawia iliyofifia. Kisha akaanza kuwasoma kwa namna anayoijua. Huyu mgongo wake ni kitani kisichofuliwa, yule ana pindo jeusi mkiani, yule mwingine ameshonewa bitana ya njano chini ya bawa. Akawa haendi tena kwa kubahatisha. Na chuki ni mwalimu mkali, haikumruhusu kusinzia. Kwenye matembezi alimbebea wifi yake chupa ya chai, akamkunjulia kiti, akamwita wifi huku na wifi kule, mpaka watu wakasema hawajaona mawifi wanaopendana namna ile.

Kikwazo kilikuwa bwawa. Muda mfupi baada ya ule mkutano lilizungushiwa ukuta, mabomba yakawa yanabadilishwa, na mtu asiye na kazi mle hakuingia. Alizunguka ukuta ule hata soli zikaisha. Aliona vilele vya miti tu.

Kumbe mlango angefunguliwa na kazi yake mwenyewe. Ndani ya ukuta kulikuwa na nyumba ya wageni ya mamlaka ya maji, imepakwa rangi upya, na mtunza nyumba, mzee mwembamba mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja kwenye karakana yake ya ushonaji kuulizia mapazia. Mshona mapazia alikubali kabla mzee hajamaliza kusema madirisha ni makubwa kiasi gani.

Alikuwa amesimama juu ya kiti kwenye chumba cha kulia chakula, pini midomoni, utepe wa kupimia umetanda dirishani, alipomwona. Ndege mdogo, wima, kwenye tawi kavu la mti uliopo nje tu ya kioo. Alichomoka, akanasa kitu hewani, akarudi. Kidevu cheupe kama kilichovywa kwenye unga. Mkanda wa kutu. Akatulia. Akapepesa bawa la kulia, mara moja. Akatulia tena. Bawa la kushoto.

Pini zikamdondoka moja moja.

"Fundi, vipi?" aliuliza mtunza nyumba. "Umejichoma?"

"Sijambo."

Aliteremka akakaa juu ya kile kiti. Alidhani akimwona atalia. Badala yake alijikuta anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, na machozi yakaja baadaye, kwa hasira, kwa sababu aliyestahili kukaa kwenye kiti kile alikuwa chini ya udongo. Alisema kwa sauti: "Hukukosea." Safari hii neno lilikuwa na uzito, ila hapakuwa na wa kulipokea isipokuwa mzee wa funguo, ambaye alidhani anaambiwa habari za vipimo.

Mtu mwingine angekimbia na habari. Yeye alikula yamini kwamba hatamwambia mtu. Alirudi kupima tena, akisema dirisha la chumba cha kulia limemchanganya. Akarudi kuonyesha sampuli. Akarudi kutundika fimbo. Kila mara alimtazama ndege, akajua anapenda tawi gani, na kwamba jua likishapanda juu ya paa hujitokeza bila kukosa. Alimpiga picha kwa simu, ikatoka kama doa la mafuta. Hakujali. Picha hakuitaka. Wifi yake angesema picha ni ya ndege mwingine. Alichotaka ni mdomo wa wifi yake useme wenyewe, mbele ya masikio yaleyale.

Alipomaliza mapazia, alimwomba mtunza nyumba kibali cha kuleta wageni wa chama, asubuhi moja tu. Mzee, ambaye mapazia yalikuwa yamempatia sifa kwa wakubwa wake, alikubali. Kwa chama alisema bustani ya pale ina ndege wengi na kivuli kizuri. Hakutaja zaidi.

Walikuja karibu wote, na viti vyao na kofia zao. Mshona mapazia aliwapanga uani mwenyewe kama anayepanga wageni wa harusi, na kiti cha mwenyekiti akakiweka mbele kabisa, kinatazamana na tawi kavu.

"Kaa hapa, wifi. Wewe ndiye macho yetu."

Wifi akakaa, akaridhika.

Ndege hakuja. Jua lilipanda, likavuka paa, na tawi likabaki tupu. Walipita shomoro, walipita njiwa. Watu wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Mshona mapazia alisimama nyuma ya kiti cha wifi yake. Kama leo hatatokea? Kama amehama? Alijiona kama mtu aliyealika watu karamuni huku chungu ni kitupu.

"Wifi," alisema mwenyekiti bila kugeuka, kwa sauti ya kusikika na wote, "umetuleta kutazama ndege au mapazia yako?"

Kicheko. Kilekile, kutoka koo zilezile. Mshona mapazia naye akacheka, akauma shavu kwa ndani.

"Subiri kidogo, wifi. Chai?"

Mwenyekiti alikuwa ananyoosha mkono kupokea kikombe, mkono ukaishia hewani. Ndege alikuwa kwenye tawi.

Darubini ikapanda. Kisha sauti ya mwenye duka la rangi, iliyozoea kuamrisha, ikatoka inatetemeka kwa furaha.

"Msitikisike! Mtu asitikisike! Jamani, mnamwona? Mdakanzi. Kidevu cheupe! Kidevu-cheupe, jamani! Mimi nimemwona wa kwanza, mmeshuhudia, mimi!"

Mshona mapazia aliinama sikioni kwake, lakini alisema kwa sauti ya kila mtu.

"Una hakika, wifi? Isije ikawa mdakanzi kijivu. Wamejaa mpaka nyuma ya duka lako."

"Kijivu gani! Mimi nachanganya rangi kila siku, utaniambia mimi kijivu? Tazama kidevu. Tazama kifua, ule mkanda, ni kutu kabisa."

"Na bawa?"

"Bawa anali... anapepesa..." Mwenyekiti alikuwa amezama kwenye darubini kama mtoto. "Anapepesa moja. La kulia. Sasa la..."



Nyuma yake kiti kimoja kililia, kisha hakikulia tena. Wote walikuwa wanamwona ndege. Alipepesa bawa la kushoto, polepole, akatulia.

"Rudia, wifi," alisema mshona mapazia. "Watu wa nyuma hawajasikia."

Mwenyekiti hakuishusha darubini. Ikawa kama pazia analojificha nyuma yake.

"Nimekwambia rudia. Anapepesa mabawa mangapi?"

"Moja," alisema mwenye duka la rangi, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

"Mume wangu aliwaambia hivyo," mshona mapazia aliwageukia wengine. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu, kwa miezi mingi aliifanyia mazoezi juu ya cherehani, na sasa yote ilimtoroka. "Aliwaambia kidevu, akawaambia mkanda, akawaambia bawa. Mkacheka. Amekufa anadhani ni kipofu. Haya, mmeona. Mwenye la kucheka acheke."

Hakuna aliyecheka. Mwanachama mmoja, mwalimu wa muziki, ambaye ndiye aliyesambaza lile jina la Bawa Moja sokoni, alivua kofia akaikunja mikononi. Mshona mapazia aliwatazama mmoja mmoja, nyuso zimewashuka, na alihisi utamu ambao hakuwahi kuuonja hata siku ya harusi yake. Watu husema ukishalipiza unabaki mtupu. Yeye hakubaki mtupu. Alikunja viti, akamshukuru mtunza nyumba, akaenda nyumbani kwa miguu, akala akashiba, akalala mchana kutwa.

Uenyekiti ulimponyoka wifi yake wiki hiyohiyo. Hakufukuzwa, aliuacha mwenyewe, maana alipoingia mahali mazungumzo yalikatika. Hapo mambo yangeishia. Lakini asubuhi moja alitokea kwenye mlango wa karakana, bila kilemba chake kikubwa, akasimama katikati ya marobota ya vitambaa.

"Wifi, nimekuja kuomba radhi."

"Omba."

Mwenye duka la rangi alitafuta pa kukaa. Hakuonyeshwa.

"Kuna jambo hulijui. Nikikuomba radhi bila kulisema, nitakuwa nakudanganya." "Kesho yake, baada ya ule mkutano, nilikwenda bwawani. Ukuta ulikuwa haujajengwa. Nilimwona."

Mkasi wa mshona mapazia ulikuwa katikati ya kitambaa. Ulibaki umefumbua mdomo.

"Ulimwona nani?"

"Yule ndege. Palepale aliposema. Nilimwona na bawa lake."

"Ukanyamaza."

"Chama ni changu, wifi. Yeye nilimfundisha mimi, miti yote ile nilimpandisha mimi. Halafu ndege wa namna ile aende kwake? Nilisema nitamwambia wiki ijayo. Ikaja, ikapita. Ukuta ukajengwa, nikaona basi, imeshapita. Kisha akaugua."

"Alikuuliza?"

Wifi yake alianza kulia, bila kelele, si kama msibani.

"Aliniuliza. Hospitalini. Aliniambia, dada, wewe niambie ukweli tu. Nikamwambia pumzika."

Mshona mapazia aliweka mkasi chini kwa uangalifu sana, mbali na mkono wake. Kumbe ule utamu wa uani ulikuwa wa kosa dogo. Alikuwa amelipiza kicheko, na hili kubwa lilikuwa limekaa pembeni likimsubiri. Alichukua mkoba wake msumarini.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama."

"Hapana. Wifi, nakuomba. Nipige hapa, niaibishe sokoni, kokote, lakini mama asijue. Mama ataondoka na hili."

"Hata mume wangu aliondoka na lake. Tangulia."

Mama mkwe alikuwa mzee sana, anaishi chumba kimoja kinachotazama ua, hatoki tena. Alifurahi kuwaona wote wawili kwa pamoja, akamwambia msichana anayemtunza alete chai. Mshona mapazia alikaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu naye. Wifi yake alikaa kwenye kiti, akashika magoti.

"Mama, bintiyo ana neno," alisema mshona mapazia, na hakumsaidia hata silabi moja.

Akasema. Alisema vibaya, akaruka, akarudi nyuma, lakini alisema mpaka hospitali na mpaka lile neno la pumzika. Chai ililetwa katikati, hakuna aliyeigusa.

Mama mkwe alisugua kidole gumba juu ya shuka.

"Alikuja hapa," alisema. "Alikaa kwenye hicho kiti ulichokalia. Akaniuliza kama ukoo wetu una upofu. Nikamwambia, ndiyo mwanangu, babu yako alikufa haoni." Aligeuza uso wake kwa binti yake, polepole. "Mimi nilimwambia hivyo. Kwa sababu alinijia akiwa tayari haamini macho yake."

"Mama, nisamehe."

"Nenda kwako. Nikikutaka nitakuita."

Mwenye duka la rangi aliinuka. Hakuwa na mabega mapana tena, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye gauni lililokunjamana mgongoni. Mlangoni aligeuka, akamtazama wifi yake, anangoja. Labda alitaka neno, hata la kumtukana.

Mshona mapazia alikuwa anamimina chai ya mama mkwe kwenye sahani ili ipoe. Hakuinua kichwa.

"Funga mlango vizuri, wifi," alisema. "Upepo unampiga mama."